Tafuta Alama za Maji: Kutambua Mashine Iliyotumika ya Kusagia Mawe ya Vito

Katika kiwanja kimoja cha vyuma chakavu huku Kampemba, mjini Lubumbashi, muuzaji aliondoa turubai akanionyesha kitu kilichopakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka. Kulikuwa na mhimili mrefu wenye puli katikati, nati kubwa kila ncha, na sinia la bati chini yake. Mota haikuwepo. Kibati chenye jina la kiwanda hakikuwepo pia. Yalibaki matundu manne ya ribiti zake tu.

"Papa, hii iko mashine ya seremala," akaniambia. "Inanoa mpaka shoka."

Niliinama nikapapasa chini ya sinia. Kidole kilikuta tundu, na ndani ya tundu kipande cha bomba la shaba kilichotiwa lehemu kwa uangalifu. Nikakwangua pembe ya sinia kwa ufunguo wa nyumba. Chini ya rangi palikuwa na tope lililokauka likawa gumu kama simenti, nalo lilikuwa la kijani cha majani mabichi. Seremala hana haja ya tundu la kutolea maji, wala shoka halitoi tope la kijani. Mashine ile ilikuwa imesaga malakiti, jiwe la kijani la vito, tena kwa miaka mingi.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao jioni, baada ya kazi, wanapenda kukaa na kipande cha jiwe mkononi na kukifikisha mahali ambapo miduara yake inaonekana kama maji yaliyotupiwa kokoto. Jiwe kwetu si tatizo. Malakiti inazaliwa pale pale ilipo shaba, na mafundi wetu wanaichonga mayai, tembo, shanga na sahani za majivu tangu zamani. Kinachokosekana ni mashine. Zilizotengenezwa mahususi kwa kazi ya vito zinatoka mbali, na ikishalipiwa meli, bandari, barabara na mpaka wa Kasumbalesa, bei yake haimwelekei mtu anayefanya kazi hii kwa kuipenda tu. Basi tunategemea zilizotumika: zilizoachwa na karakana, na maabara za migodi, na mafundi wa vioo, au zilizokuja ndani ya kontena la vitu vya mitumba. Na zote, zikishafika kiwanjani, zinapewa jina moja: mashine ya kunoa.

Jina hilo ndilo linalotupoteza. Nimeona watu wakilipa pesa nzuri kwa mashine isiyoweza kusaga jiwe hata siku moja, na nimeona mashine nzuri ikikatwa vipande kuuzwa kwa kilo kwa sababu hakuna aliyeijua.

Kwa nini maji

Jiwe likisagwa kavu hutoa vitu viwili vibaya, joto na vumbi. Malakiti ni kabonati ya shaba, na kwenye kipimo cha ugumu alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812 inafika 3.5 hadi 4 tu, chini kabisa ya kwazi yenye 7. Ni jiwe laini, na joto halilipendi. Likipata moto mahali pamoja linapasuka kwa kufuata mistari yake, na likizidi kuungua linageuka jeusi, maana linaanza kuwa oksidi ya shaba. Vumbi lake lina shaba ndani, si kitu cha kuvuta puani. Vumbi la kwazi na la agati ni baya kwa namna nyingine: linakaa kwenye mapafu na kuyafanya magumu, ugonjwa wanaoujua vizuri wazee waliofanya kazi chini ya ardhi. Maji yanaondoa balaa hizo mbili kwa pamoja. Yanapoza jiwe na yanageuza vumbi kuwa tope.

Kwa hiyo mashine ya mawe ya vito imezaliwa ikiwa inalowa. Mashine ya kunolea vyuma, ile cherehe ya mezani yenye mawe mawili na mota katikati, imezaliwa ikiwa kavu. Mota yake ina matundu ya kuingiza hewa, na hewa hiyo ikija na matone ya maji, maji yanafika kwenye nyaya.

Mimi nilianza kwa kununua hiyo. Ilikuwa nzito, safi, mhimili wake haukuyumba hata kidogo, na nilijiambia kwamba kusaga ni kusaga. Nilitundika chupa ya plastiki yenye tundu dogo ili idondoshe maji juu ya jiwe la cherehe. Siku hiyo nilitumia kipande cha malakiti cha kutoka Kambove nilichokuwa nimekitunza zaidi ya mwaka mmoja, chenye jicho kamili katikati. Mashine ilikuwa inazunguka mara 2,850 kwa dakika. Maji yalirushwa yote ukutani kabla hayajafika kwenye jiwe, kipande kikapata moto, na jicho likagawanyika mara mbili mbele ya macho yangu. Nilipogusa mwili wa mashine kuizima, umeme ukanishika mkono. Nilikuwa nimevaa kandambili za mpira, na sina shaka hizo ndizo zilizoniokoa. Kipande kile kiko bado kwenye kabati, nusu mbili.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, ninatafuta alama za maji. Tundu la kutolea ni alama ya kwanza, lakini si kila mara linaonekana. Mara nyingi limezibwa na kizibo, chuingamu au rangi. Tafuta bomba jembamba linaloingia juu ya kofia ya jiwe, au kishikio kidogo cha waya kilichokuwa kinashika sifongo. Angalia kwenye mhimili, karibu na beringi, kama kuna pete nyembamba ya chuma au mpira ambayo haionekani kufanya kazi yoyote: hiyo inarusha maji nje yasitambae hadi kwenye beringi. Angalia mota ilikaa wapi. Kwenye mashine ya mawe, mota mara nyingi iko mbali, nyuma au chini, na inavuta mhimili kwa mkanda.

Kisha isome kutu. Mashine iliyoachwa mvuani inashika kutu juu, kwenye mabega, mahali matone ya mvua yanapopiga. Mashine iliyofanya kazi na maji inashika kutu ndani ya kofia na chini ya mawe, mahali mvua haifiki. Zile zenye kutu ndani na mabega safi ndizo ninazozirudia mara ya pili.

Tope halisemi uongo

Muuzaji anaweza kupaka rangi, lakini ni nadra kuosha pembe za sinia. Chukua bisibisi, kwangua kidogo, lowesha ukitazama rangi. Tope la kijani kwa kawaida ni la malakiti au krisokola, jiwe jingine la shaba. Jeusi lenye kutu, linalovutwa na sumaku, ni la chuma. Hapo walinoa visu au patasi. Jeupe lina maswali: linaweza kuwa la kioo au la marumaru. Lidondoshee maji ya ndimu. Likitoa mapovu madogo ni marumaru au chokaa. Likinyamaza, huenda ni kioo, na mashine ya fundi wa vioo ni ndugu wa karibu sana wa mashine yetu. Ina sahani ya chuma iliyolala, maji yanadondoka juu yake, na inazunguka polepole. Kwa kulainisha upande ulio bapa wa jiwe, mimi ningeichukua kabla ya nyingi zinazouzwa kwa jina la vito.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wake wote. Katanga si mahali pa shaba tu. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya atomiki ya 1945, na mawe yenye urani yana rangi za kupendeza mno: manjano kali, chungwa, na kijani ambacho macho yasiyozoea yanaweza kudhani ni malakiti. Mashine iliyotoka kwenye maabara ya madini inaweza kuwa imesaga chochote kilicholetwa mezani. Basi tope la zamani usilipanguse likiwa kavu, na usilipulizie hewa ya kompresa kama mafundi wa magari wanavyofanya. Loweka sinia usiku mzima, ondoa tope likiwa uji, funga kwenye mfuko, usiwaachie watoto wala kumwaga bustanini. Na mawe yenye rangi hizo za kung'aa usiyasage kabisa, hata akikuambia nani kwamba ni salama.

Mashine za maabara

Mji huu una kitu ambacho miji mingi haina. Kampuni za migodi zimekuwa na maabara huku tangu enzi za Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na kazi mojawapo ya maabara hizo ni kuchukua kipande cha mawe ya madini, kukigandisha ndani ya resini, kukisaga na kukisugua hadi king'ae kama kioo, ili mtaalamu akitazame kwa hadubini na kujua shaba imekaaje ndani ya mwamba. Kazi hiyo, ukiitazama vizuri, ni kazi yetu. Tofauti ni kwamba wao wanang'arisha ili wasome, sisi tunang'arisha ili tuvae.

Mashine yenyewe inafanana na beseni lenye sahani ya chuma au alumini iliyolala ndani yake, yenye kipenyo cha milimita 200, 250 au 300. Pembeni kuna bomba lililopinda ambalo unaweza kulisogeza juu ya sahani au kulitoa. Chini kuna tundu kubwa la maji. Nyingine zina sahani mbili kwenye meza moja ili mmoja asage mwingine ang'arishe. Ukibahatika kukuta jina, linaweza kuwa Struers ya Denmark au Buehler ya Marekani. Lakini usingoje jina. Inazunguka taratibu, kwa kawaida chini ya mara 600 kwa dakika, na msasa wake ni wa duara, unaobandikwa au kubanwa kwa pete.

Wauzaji wanazichukia kwa sababu hazinoi kitu. Nimemsikia mmoja akiiita mashine ya kufulia nguo za mtoto, na alikuwa anaamini. Kwa hiyo bei yake huwa ya chini, na wapenzi wa mawe wengi wanapita pembeni yake kwa kuwa wamezoea kuona mawe yaliyosimama. Ni kweli kwamba sahani iliyolala haikupi mgongo wa mviringo kwa urahisi. Utajifunza kuviringisha mkono. Lakini kwa malakiti, ambayo inataka upole kuliko nguvu, mwendo ule wa polepole ni rafiki.

Ukiikuta, weka rula juu ya sahani kwa ukingo wake na utazame kama mwanga unapita chini. Sahani iliyoliwa katikati inarekebishika kwa fundi wa tonu, yule anayekereza vyuma, ikiwa bado ina unene. Kisha shika penseli imara karibu na ukingo wa sahani na uizungushe kwa mkono. Penseli ikiandika duara zima, mhimili umenyooka. Ikigusa upande mmoja tu, kuna kitu kimepinda, na kupinda kwa mhimili ni ugonjwa wa gharama.

Isichanganywe na mashine nyingine ya maabara hizo hizo, ile yenye sahani mbili nzito zinazokabiliana ndani ya kasha, au bakuli lenye pete za chuma. Hiyo inavunjavunja sampuli kuwa unga kabla ya kupimwa. Jina la kusaga inalo, lakini ukiipa jiwe lako itakurudishia unga.

Mwendo, na kinachoandikwa kwenye kibati

Maji peke yake hayatoshi, kwa sababu kuna mashine za kunolea visu zenye birika la maji chini ya jiwe kubwa. Zinalowa, zina kutu ndani, na bado si zetu. Mwendo wake ni mdogo mno, kiasi cha mara 100 kwa dakika, na jiwe lake ni la kunolea chuma. Mwendo ndio unaozitenganisha.

Umeme wetu ni wa volti 220 na hezi 50. Kwenye umeme huo mota ya kawaida ina miendo miwili: karibu 2,850 kwa dakika, au karibu 1,425. Ya kwanza ndiyo ya cherehe za chuma. Kwa jiwe la milimita 200 linalosaga vito, mwendo unaofaa ni wa jirani na ile ya pili, kati ya 1,400 na 1,800 hivi. Kibati kikikuambia 1,725 au 3,450, umeshajua ilikotoka: Marekani ya Kaskazini, kwenye hezi 60, na karibu hakika volti 110 au 115. Usiichomeke. Itazunguka kwa nguvu ya ajabu kwa sekunde chache, itatoa harufu ya vanishi, na basi. Ukitumia transfoma ya kushusha volti itafanya kazi, lakini hezi haibadiliki kwa transfoma: 1,725 itakuwa 1,440 hivi, na mota itapata joto zaidi kuliko ilivyozoea. Mwendo huo kwa malakiti hauna ubaya. Joto ndilo la kuangalia.

Za migodini zina shida nyingine, nazo ni nyingi hapa: kibati kinasema 380, au 220/380 na alama ya nyota na pembetatu. Hiyo ni mota ya nyaya tatu, yaani ya umeme wa fezi tatu, si ule wa nyumbani. Fundi anaweza kuifanya izunguke nyumbani kwa kuiwekea kondensa, lakini inapoteza sehemu kubwa ya nguvu na inaanza kwa uvivu. Mimi nasema nunua mhimili, mota utaipata. Mota ya nusu nguvu-farasi ya mashine ya kufulia au ya pampu, yenye mwendo wa 1,425, inapatikana katika soko lolote la mji huu. Mhimili ulionyooka, wenye beringi nzuri na kofia zilizotengenezwa kwa ajili ya maji, haupatikani, na fundi wa tonu akikutengenezea mpya utalipa mara mbili ya ulichokataa kumpa muuzaji.

Kibati kisipokuwepo, hesabu inafanywa na puli. Chukua mwendo wa mota, zidisha kwa kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya mhimili. Mashine ya kijani ya Kampemba ilikuwa na puli ya milimita 64. Nikisema nitaivuta kwa mota ya 1,425 yenye puli ya milimita 80, mhimili utazunguka mara 1,781. Jiwe la milimita 200 kwa mwendo huo, ukingo wake unakimbia karibu mita 18.7 kwa sekunde. Namba hii ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayolinganishwa na ile iliyochapwa kwenye jiwe la kusagia. Jiwe la kawaida la udongo uliochomwa mara nyingi linaandikwa mita 35 kwa sekunde au chini ya hapo. Ukivuka, linaweza kupasuka likiwa mwendoni, na vipande vyake havichagui pa kwenda.

Ukiwa umeinama hapo, futa beringi usome namba. Hapa pana siri ndogo inayosaidia sana: kwenye beringi za kawaida, kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata unene wa mhimili. 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25, 6206 ni 30. Hizo ni za vipimo vya milimita, na mawe utayapata. Mashine za Marekani zinatumia inchi. Mhimili wa inchi moja ni milimita 25.4, na ile sehemu ndogo ya 0.4 inatosha kulizuia jiwe lenye tundu la 25 lisiingie. Ukilazimisha kwa nyundo, umeshalipasua hata kama huuoni ufa.

Jambo la mwisho la mhimili ni hesi za nati zake. Ukisimama mbele ya mashine, jiwe likija kwako kwa juu na kushuka, nati ya kulia inafungwa kama nati zote duniani, na ya kushoto inafungwa kinyume. Imefanywa hivyo ili mzunguko wenyewe uzidi kuikaza. Muuzaji wa Kampemba alikuwa ameshaipiga nati ya kushoto kwa patasi akijaribu kuifungua upande usio wake. Alama zilikuwa pale. Nilipomwonyesha inavyofunguka alinyamaza kidogo, akaniita fundi, na bei ikapanda. Ningefunga mdomo.

Mawe yenyewe

Mara nyingi mashine inakuja na mawe yake ya zamani, na watu wanayahesabu kama zawadi. Mimi nayahesabu kama hatari hadi yathibitishe vinginevyo.

Soma herufi kwanza. A ni oksidi ya alumini, kwa ajili ya chuma. Ni la kijivu, jeupe, rangi ya waridi au kahawia. C ni kabidi ya silikoni, ambayo Edward Acheson wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1893, na hiyo ndiyo ya mawe. Huwa jeusi lenye kumetameta au la kijani, na la kijani huandikwa GC. Namba inayofuata ni ukubwa wa punje: 80 ni kali, 220 ni laini kiasi. Kwa malakiti siweki 80 hata kidogo, inang'oa badala ya kusaga. Naanza na 220. Halafu kuna herufi ya ugumu wa gundi, A ikiwa laini kabisa na Z ngumu kabisa, na mwishoni V kwa udongo uliochomwa au B kwa resini.

Jiwe la V lipime kwa sauti. Likiwa kavu, lining'inize kwa kidole au kijiti katika tundu lake, lipige taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Likiwa zima linalia kama bakuli la kaure. Likiwa na ufa linajibu kama ubao. La resini halilii vizuri hata likiwa zima, kwa hiyo kipimo hiki si chake. Na jiwe lililokaa nusu ndani ya maji au mafuta ya injini kwa miaka, upande mmoja umekunywa na kuwa mzito. Likizungushwa litatikisa meza yote. Hilo liache.

Mawe ya almasi ni mengine. Ni gurudumu la chuma au alumini lililofunikwa ukingoni kwa punje za almasi zilizoshikwa na nikeli, likiwa la kijivu na la kukwaruza. Pitisha kucha taratibu: pakiwa na sehemu zinazong'aa na kuteleza, almasi imekwisha hapo. Ukiona mfululizo wa magurudumu sita kwenye mhimili mmoja, kila moja likiwa laini kuliko lililotangulia, kutoka 80 hadi maelfu, hiyo ni mashine halisi ya kaboshoni, yaani ya vito vyenye mgongo wa mviringo, na umepata bahati.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hutupa kwa kutokijua. Ni ngoma ya mpira yenye mikato ya mshazari kuzunguka mwili wake wote. Inaonekana kama mpira uliopasuka kwa uzee. Si ubovu. Ikizunguka, mikato hiyo inafunguka kwa nguvu ya mzunguko, ngoma inavimba, na inaubana mkanda wa msasa uliovalishwa juu yake; ikisimama, inanywea na mkanda unatoka kwa mkono. Kwa kuondoa mikwaruzo kwenye mgongo wa jiwe hakuna kinachoishinda, maana mpira unafuata umbo. Baada yake ni ngozi na oksidi ya kromi, unga wa kung'arishia, basi.

Misumeno ya kukatia mawe inajitambulisha yenyewe: diski haina meno, ina ukingo laini wenye almasi. Hata ile ya mafundi wa karo inafaa kwa vipande vidogo. Na pipa linaloviringika juu ya fimbo mbili linafaa kwa kokoto za kwazi na agati, si kwa malakiti.

Siku ya kwanza

Mashine ya kijani niliichukua. Ilisafiri kwa mkokoteni hadi nyumbani, na kwa siku tatu haikupata umeme, ilipata maji tu. Nilifungua beringi nikaweka mpya, nikafunga mota juu ya kibao nyuma ya ukuta mdogo wa bati ili matone yasiifikie, nikavuta waya wa ardhini hadi kwenye mwili wa chuma, na kwenye soketi nikaweka kikata-umeme cha miliampia 30, kinachokata umeme ukivuja. Hicho nisingekiacha hata kwa kukosa kitu kingine chochote.

Mara ya kwanza niliizungusha bila jiwe, kiganja kikiwa mezani kusikiliza kwa mfupa. Mara ya pili na jiwe jipya, karatasi zake za pembeni zikiwa mahali pake na washa kubwa za chuma kila upande, pana kwa angalau theluthi ya jiwe. Nikasimama pembeni, si mbele, dakika nzima. Mara ya tatu nikafungua maji.

Sasa kila jioni mwisho wa kazi ni ule ule. Nafunga bomba kwanza, naacha jiwe lizunguke peke yake hadi liache kurusha matone kwenye kofia, ndipo nazima. Jiwe likilala na maji, asubuhi linaamka zito upande mmoja. Watoto wameshajua mlio wa zile dakika za mwisho, mashine ikizunguka bila mzigo, na wanaanza kuandaa meza.